Posa za Kazi na Swali Lako

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya mlango wa kijani.
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi, na mguu umeuweka juu ya stuli kama daktari alivyokuagiza. Ingawa nakujua: stuli utakuwa umeiwekea kikapu cha vitambaa, na mguu uko chini. Goti limepungua maumivu? Ile dawa ya kupaka uliyoilalamikia harufu bado unaitumia, au umeshamgawia jirani? Na baridi ya huko imeacha kukuingia vidoleni? Niambie kweli, usiniandikie "sijambo" ya kunifurahisha.

Sisi hatujambo. Kikohozi kilichomshika Baba mwezi wa tatu kimekwisha. Macho ndiyo yanamsumbua. Gazeti analisogeza mbali mpaka mkono unamwishia, lakini miwani mipya hataki, anasema hii ya zamani wameshazoeana. Mimi ni mzima na nimenenepa. Sketi ya kijivu uliyonishonea imekataa kabisa kufunga, kwa hiyo jina la Sindano ulilonipa sasa nalibeba kwa jeuri tu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara tatu. Yale mengine yote nimeyaelewa, lakini pale chini umeandika kwa herufi kubwa: UNAKUJA AU HUJI? Halafu ukaongeza kwamba ukiliona tena neno "tutaona" utaichana barua yangu mbele ya wajukuu. Usiichane, Mama Mdogo. Jibu limo humu. Ila limekuja kwa njia ndefu, na nisipokusimulia njia yenyewe utadhani nimeamka tu asubuhi nikaropoka. Naomba usiruke kurasa.

Unajua ofisi ya vifurushi ilifunga mlango mwezi wa Novemba. Miaka sita nilikuwa natengeneza programu yao, ile ambayo mteja anaingiza namba kwenye simu anaona mzigo wake umefika wapi. Siku ya mwisho tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu akapewa barua ya shukrani na kikombe chenye nembo ya kampuni iliyokwisha kufa. Kikombe changu Baba anawekea penseli.

Mwezi wa kwanza, mwenzangu mmoja wa pale, yule tuliyekuwa tukimwita Fundi Nyaya, akanionyesha tovuti inayowakutanisha waajiri na watu wa programu. Hupeleki maombi ya kazi. Unajaza fomu ndefu ya kueleza unachokijua, na kwa kila ujuzi unajipa alama, kuanzia moja mpaka tano. Waajiri nao wanaeleza wanachokitaka. Kompyuta inawalinganisha, halafu inakuletea kazi pamoja na asilimia: hii inakufaa kwa sitini, hii kwa themanini. Chini pana vitufe viwili, Nakubali na Nakataa, na nafasi ndogo ya kuandika ujumbe.

Nilipomweleza Baba, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ni mshenga." Toka siku hiyo humu ndani tovuti ile haina jina jingine. Kila asubuhi nikifungua kompyuta Baba anauliza kutoka jikoni kama Mshenga ameleta posa.

Na posa zikaja. Nakuambia, shemeji yako amepata kazi ya kufanya. Miaka thelathini na miwili alisahihisha maandishi ya watu kule kiwanda cha uchapaji, amestaafu, penseli yake nyekundu ikawa haina kazi. Sasa akaniamuru kila tangazo nilichapishe kwenye karatasi ili alipitie. Kuna moja lililotaka mtu mmoja mwenye ujuzi wa aina kumi na tatu, na awe mcheshi. Baba akaandika pembeni: "Wanatafuta kijiji." Jingine lilitaka uzoefu wa miaka kumi wa kitu ambacho kimegunduliwa miaka sita iliyopita, hapo akaandika: "Wanataka mtoto aliyemzaa mama yake." La tatu lilianza kwa kusema sisi hapa si kampuni, sisi ni familia. Akalipiga mstari mwekundu kuanzia juu mpaka chini, akasema familia tunayo.

Tulicheka, lakini mimi rohoni sikuwa nacheka sana. Maana ukiondoa hizo za vichekesho, zilizobaki zote zilikuwa kazi za wanafunzi. Miezi mitatu ya kujifunza. Msaidizi wa msaidizi. Mahali pamoja walinitaka niwe ninabadilisha picha kwenye tovuti ya duka la viatu. Februari ikapita hivyo, Machi ikapita hivyo. Nikaanza kujiambia labda huu ndio ukweli wangu, na miaka sita ile nilikuwa nabebwa na wenzangu.

Sasa nikwambie makosa niliyoyafanya, na uvumilie, kwa sababu moja linakuhusu.

La kwanza lilikuwa kwenye zile alama. Nilijipa mbili. Karibu kila mahali, Mama Mdogo, mbili, na tatu mahali pawili ambapo niliona aibu kujishusha zaidi. Ule ujuzi wa kupanga na kuhifadhi taarifa, ambao ndio uliokuwa ukiniwekea chakula mezani kwa miaka sita, niliupa mbili. Mtu angeniuliza kwa nini ningemjibu kwa maneno yako: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nakukumbuka ulivyolisema siku ile fundi wa ng'ambo ya barabara alipotundika kibao cha rangi nne. Wewe hukuwahi kuwa na kibao, na foleni ilikuwa kwako. Nami nilikuwa chini ya meza ya cherehani naokota vifungo, nikalimeza neno zima zima.

La pili lilikuwa kwenye kukataa. Kazi nisiyoitaka sikubonyeza Nakataa. Niliona kama kumfungia mtu mlango usoni. Badala yake niliandika kwenye ile nafasi ya ujumbe: "Nashukuru sana kwa heshima mliyonipa. Naomba nilifikirie kwa uzito, na Mungu akijalia nitawajulisha." Wewe ukipokea maneno kama hayo unajua fika umekataliwa, unachukua mkoba wako unakwenda. Mimi nikajiona nimemaliza. Mwezi wa nne Mshenga akaniandikia kwamba nina posa tisa ambazo sijazijibu. Nikamwona mwongo! Nilikuwa nimeshazijibu zote, na kwa adabu.

Katika hizo tisa kulikuwa na moja ambayo aliyeileta hakuwa mtu wa kuelewa mafumbo. Ni mama mmoja, mhandisi, anayesimamia ofisi ndogo inayotengeneza programu ya kulinda majokofu ya chanjo. Kila jokofu la zahanati lina kipimajoto, kipimajoto kinatuma taarifa, na joto likipanda kupita kiasi kengele inalia kwenye simu ya muuguzi kabla chanjo hazijaharibika. Alikuwa ananitaka kama mwanafunzi wa kazi, asilimia sitini na moja. Nilimwandikia maneno yangu ya heshima. Siku kumi na mbili baadaye akanijibu: "Dada, umeshafikiria? Nafasi nimekushikia."

Mama Mdogo, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mzima amekaa siku kumi na mbili akinisubiri, nami nilikwisha kumsahau. Nikaomba tuonane kwa video nimtake radhi. Nikavaa ile blauzi ya mikono mirefu, nikapanga sentensi zangu. Hakuniacha nizimalize. Alikuwa ameisoma historia yangu ya kazi na kuna jambo lilikuwa halimkai sawa.

"Umetengeneza mfumo wa vifurushi miaka sita, halafu unajipa mbili?"

"Najua kidogo kidogo tu, mama," nikasema.

"Kidogo kidogo kiasi gani? Hebu nionyeshe."

Akanitumia tatizo lao. Kengele zao zilikuwa zinalia ovyo. Muuguzi anakimbilia jokofu, analikuta baridi safi; na zikilia hivyo mara tano, mara ya sita hakimbii tena, na siku hiyo ndiyo jokofu limekufa kweli. Walikuwa wamelitafuta kosa wiki nzima. Nililifungua Jumatatu asubuhi baada ya kufagia, na nikalitambua kama mtu anavyomtambua jirani yake wa zamani sokoni. Mtandao wa zahanati ukikatika, kipimajoto huweka taarifa zake, na mtandao ukirudi huzituma zote kwa mkupuo. Programu yao ilikuwa ikisoma saa ya kufika badala ya saa ya kupimwa. Ni kama nikuandikie barua saba kwa wiki, zikufikie zote siku moja, ukadhani nimeumwa na kupona mara saba asubuhi hiyo. Kwenye vifurushi tatizo hilohilo lilinitesa mwezi mzima mwaka wangu wa pili. Saa nne nilikuwa nimemaliza.

Sasa sikia upumbavu wa mwanao. Sikuituma. Niliona nikiituma saa nne nitaonekana ninajigamba, au nitamwaibisha aliyehangaika nalo wiki nzima. Nikaifungia kazi yangu kwenye kompyuta, nikafua mashuka, nikaenda kumnunulia Baba betri za redio. Jumanne nikakaa. Jumatano jioni ndipo nikaituma, na ujumbe mrefu wa kusema nimejaribu kadiri ya uwezo wangu mdogo.

Akanipigia kwa video dakika ishirini baadaye. Hakusema hongera. "Faili linaonyesha umelimaliza Jumatatu saa nne asubuhi," akasema. "Mbona umenitumia leo?"

Nikamweleza ukweli. Akafuta miwani yake kwa ncha ya kitenge. Halafu akaniambia, taratibu na bila ukali, kwamba kati ya Jumatatu na Jumatano kengele za uongo zimelia mara thelathini na nane. Akasema nafasi ya mwanafunzi hanipi. Kulikuwa na nafasi nyingine, ya kiongozi wa programu, mtu wa kusimamia wenzake watatu. Mshenga hakuniletea kwa sababu mwenye alama mbili hata halifikii lango. Na yeye hawezi kunipitishia dirishani: fomu husomwa na watu watatu, majina yakiwa yamefichwa, na yeye ni mmoja tu. Kama naitaka, niende nikaandike kweli.

Nikafikiri hilo ndilo jepesi kuliko yote. Nilikaa mbele ya ile fomu mchana kutwa, na nilichoandika nikakiona kinanuka majivuno. Mwishowe Baba akavuta kiti, akachukua penseli kutoka kwenye kikombe, akaomba nimchapishie.

Unamjua shemeji yako. Maisha yangu yote hajanisifu. Nilipofaulu mtihani aliangalia cheti, akasema jina limeandikwa vizuri. Basi siku ile naye hakusifu. Alifanya kazi yake. Kwanza alihesabu neno "kidogo" akalikuta mara kumi na moja, akayakata yote kumi na moja. Halafu akafika pale nilipoandika kwamba nilisaidia kutengeneza mfumo wa vifurushi.

"Mlikuwa na nani?" akauliza.

"Mwanzoni nilikuwa peke yangu."

"Basi hukusaidia. Mtu hajisaidii mwenyewe kazi aliyoifanya peke yake." Akalikata "nilisaidia", akaandika juu yake "nilitengeneza".

Akaendelea hivyo kurasa nne. Na kila alipofika kwenye jambo alilolishuhudia, kama ile wiki mfumo ulipoanguka nikaufufua nikiwa hapahapa sebuleni na homa, aliandika pembeni neno moja tu: "Kweli." Nikahesabu. Ameandika "kweli" mara kumi na nne. Karatasi hiyo ninayo, nimeiweka ndani ya bahasha pamoja na vyeti, na ndiyo ninayoiona cheti kikubwa. Nililia, sikufichi. Akajifanya anatafuta kifutio.

Ila usidhani alinipandisha tu. Kwenye ujuzi wa kupanga rangi na sura ya kurasa nilitaka kujipa tatu. Akaitazama blauzi yangu, akaitazama sketi, akasema hapo mbili inatosha, tena ya kuonewa huruma.

Na sasa lile linalokuhusu wewe. Nimelifikiria sana na sitaki uone ninakulaumu. Neno lako lilikuwa sahihi, aliyelitumia vibaya ni mimi. Gauni ulilolishona lilitoka dukani kwako likapita barabara nzima juu ya mwili wa mteja, kila mtu akaliona, akauliza nani kashona. Wateja wako ndio waliokuwa kibao chako. Kazi yangu mimi ikiwa nzuri haionekani. Mzigo ukifika, nani anaiulizia programu? Inaonekana siku ikiharibika. Kizuri cha namna hiyo hakiwezi kujiuza, inabidi mwenyewe afungue mdomo. Nadhani hata wewe ungefungua.

Nikaituma fomu. Wale watatu wakaisoma, wakaniita, wakanihoji saa mbili nzima. Nilijibu mengine, na mawili niliwaambia siyajui. Nikaambiwa nisubiri.

Hapo ndipo Mshenga aliponichanganya. Baada ya kusahihisha alama, posa zikaja za aina nyingine kabisa. Na Jumatatu iliyopita, siku hiyohiyo moja, zikanifikia mbili. Ya kwanza ni ya majokofu: wamenipitisha, nafasi ya kiongozi ni yangu, nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kazi nitaifanya hapa nyumbani, na wiki moja katika kila mwezi nitazunguka kwenye zahanati kuona mambo kwa macho. Ya pili, Mama Mdogo, iko huko kwako. Ni kampuni kubwa ya kuuza tiketi za safari, asilimia tisini na nne. Walishaisoma fomu yangu, tukazungumza mara mbili, wakaridhika. Mshahara unaupita ule wa majokofu kwa nusu yake. Nilifungua ramani nikatafuta ofisi yao, nikaikuta. Ni vituo vitatu vya basi kutoka mlangoni kwako.

Najua umeiweka barua chini sasa. Ichukue.

Siku nne zile sikukaa. Nilichora mstari katikati ya karatasi nikaandika huku mazuri ya hii, huku mazuri ya ile, na kila nilipohesabu ile ya kwako ilishinda. Mshahara, wewe, chumba ulichokipaka rangi ukinitunzia. Kuonana na mtu aliyenilea kila siku ya Mungu, badala ya kumwona kwenye simu akiwa amekamata kamera ikaonyesha paji la uso tu. Nilimuuliza Baba. Akasema niende, yeye ana redio na ana jirani. Kesho yake akaanza kujipikia ili kunithibitishia kwamba anaweza kukaa peke yake, na mpaka leo ameunguza sufuria mbili na kitambaa kimoja. Lakini anaweza, Mama Mdogo. Mboga ya jana nilirudia sahani.

Kabla sijakujibu ngoja nitangulize salamu, kwa sababu ukishalisoma jibu salamu hutazisoma. Msalimie dada yangu, huyo binti yako, na shemeji dereva. Mwambie bado ninamdai ule wimbo aliosema ataniimbia. Wabusu mapacha, kila mmoja peke yake, wasije wakagombana. Msalimie jirani yako muuza maua niliyemwona kwenye picha. Baba anakusalimu, na amenituma nikuulize kama bado unaandika "nakwambia" kila sentensi ya pili, kwa sababu amepitia barua yako na penseli.

Sasa jibu lako.

Ijumaa asubuhi saa tatu nilibonyeza Nakataa kwa ile kampuni ya tiketi. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Niliwaandikia mistari mitatu: kazi yenu ni nzuri, nimechagua nyingine, msinishikie nafasi. Nikakaa nikisubiri radi inipige. Baada ya robo saa wakajibu kwamba wanashukuru kujibiwa waziwazi, na wananitakia heri. Basi. Ndipo nikabonyeza Nakubali kwa majokofu. Ninaanza Jumatatu. Kuna miezi mitatu ya kutazamwa, na wale watatu nitakaowaongoza mmoja wao ndiye aliyehangaika na kosa lile wiki nzima, kwa hiyo niombee. Ninaogopa, na sijafurahi hivi kwa miaka mingi.

Siji kuhamia huko, Mama Mdogo. Miaka minne umekuwa ukiniuliza na miaka minne nimekuwa nikikujibu tutaona, mwakani, Mungu akipenda. Lile lilikuwa hapana, na nilidhani unajua, kumbe ulikuwa unanishikia nafasi. Mgeni amenisubiri siku kumi na mbili nikaona haya. Wewe umesubiri miaka minne, ukapaka na rangi. Nisamehe.

Ningeweza kukuambia ni kwa ajili ya Baba. Ungenielewa, na usingeniuliza tena mpaka azikwe. Lakini ungekuwa uongo. Baba ameniruhusu. Ni mimi ndiye ninayetaka kubaki, kwa sababu nimepata kazi ninayoijua kwa alama tano, na ninataka kuifanya mahali ninapoweza kwenda kulifungua jokofu lenyewe na kutia mkono ndani. Nakupenda, na siji. Nimeyaandika yote mawili kwenye mstari mmoja makusudi, ili usije ukasoma moja ukaacha jingine.

Kile chumba usinitunzie tena. Hamishia cherehani yako humo. Wewe mwenyewe ulisema dirisha lake lina mwanga kutwa nzima, nawe unashonea kwenye korido kwa ajili ya mtu asiyekuja. Weka na stuli, uinue mguu.

Kutembea, nakuja. Sisemi tutaona. Tarehe tatu Septemba, basi la asubuhi, siku kumi. Tiketi nimekata jana, namba ya kiti ni kumi na saba, dirishani. Nitalala hapohapo kwenye chumba cha cherehani, chini ya meza kama zamani, kama nitaenea.

Mungu akulinde, akutie nguvu za goti, na akupe moyo wa kunisamehe kabla ya mwezi wa tisa.

Ni mimi mwanao nikupendaye bila kuzunguka,

Sindano